Mila, uhuru na furaha ya mwanafunzi: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Assalam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea shahada ya biashara hapa Mombasa, na kwetu ni Kisauni. Nimelelewa na mama na nyanya katika mila na utiifu. Jumamosi asubuhi nasomesha watoto katika madrasa ya mtaani, na sehemu ya mkopo wangu wa masomo humpa mama kwa ajili ya karo ya mdogo wangu. Muhula uliopita nilifanya vibaya mtihani mmoja kwa sababu ya arusi ya binamu yangu: siku nne nilikuwa jikoni na sikuthubutu kukataa. Wenzangu wa chuo huniambia sitapata furaha mpaka nijitangulize mwenyewe, nami nimesoma kwamba tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha wanafunzi wanaothamini mila wana furaha kidogo kuliko wanaothamini uhuru. Je, ni kweli? Na je, nibadilike?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako, nikairudia, na nitaijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe linastahili. Ulichokisoma si uzushi. Kipo katika tafiti. Ila kilichogunduliwa ni kidogo kuliko kilivyotangazwa, na ushauri wa wenzako, kwamba uziweke kando tunu ulizolelewa nazo ndipo ufurahi, hautokani na tafiti hizo. Kwa jinsi ninavyouelewa ushahidi, linalotofautisha mwanafunzi aliyetulia na asiyetulia ni kama yale anayoyafanya ameyakubali moyoni mwake au ameyabeba kwa kuogopa macho ya watu, na jambo hilo limeonekana katika jamii zilizo mbalimbali sana.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wengi husema "maadili" wanapozungumzia haya, lakini maadili kwetu yana hukumu ndani yake: mtu anayo au hana. Wanasaikolojia wanakusudia kitu kipana zaidi, yaani mambo ambayo mtu huyaona yana thamani na huyatanguliza anapolazimika kuchagua. Mimi hutumia neno "tunu", kwa kuwa tunu ni kitu unachokithamini hata kama jirani yako hakitaki. Anayetanguliza cheo ana tunu zake, na anayetanguliza kuwafaa jamaa ana zake.

Mtaalamu ambaye kazi yake imetumika sana katika fani hii ni Shalom Schwartz wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Mwaka 1992 alichapisha matokeo kutoka nchi 20, yaliyokusanywa hasa kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu, akaonyesha kuwa tunu za watu, pamoja na tofauti zote za lugha na dini, huangukia katika makundi 10: kujiamulia, msisimko wa mambo mapya, starehe, mafanikio, mamlaka, usalama, utiifu, mila, wema kwa walio karibu nasi, na kuwajali watu wote pamoja na mazingira yao. Alizipanga katika duara. Zinazokaa jirani husaidiana, na zinazotazamana huvutana. Kujiamulia kunatazamana na utiifu na mila. Kutafuta mamlaka kunatazamana na kuwajali watu. Kwa hiyo mvutano ulioupata kati ya jikoni na daftari haukuletwa na udhaifu wako. Umo katika umbo lenyewe la tunu za binadamu, na mwanafunzi wa Seoul au wa Helsinki anaujua pia.

Huenda ukaambiwa kuwa hizi ni nadharia za watu wa mbali, hazituhusu. Lalama hiyo ina msingi, kwa sababu kwa miaka mingi sehemu kubwa ya saikolojia imejengwa juu ya majibu ya wanafunzi wa Marekani na Ulaya. Hata hivyo, Schwartz mwenyewe aliona kwamba dodoso lake la kwanza, lililomtaka mtu apime maneno matupu kama "usawa" na "mamlaka", liliwalemea watu wasiozoea kupima mawazo kwa namna hiyo. Mwaka 2001 yeye na wenzake wakatoa dodoso jingine linalomweleza mtu fulani kwa sentensi moja au mbili, kisha linakuuliza: mtu huyu anafanana nawe kiasi gani? Miongoni mwa waliolijibu walikuwamo wasichana wa Uganda wa miaka 13 na 14. Uganda si Kisauni, lakini si mbali kama Jerusalem.

Neno la pili la kuangaliwa ni furaha yenyewe, na hapa Kiswahili kinatusaidia. Kuna raha, ambayo ni ya saa ile. Kuna furaha, moyo unapochangamka. Na kuna kuridhika, pale mtu anapoyatazama maisha yake yote akaona moyo umetua, hali ambayo wazee wetu wa Pwani huiita kinaa. Watafiti nao hawavichanganyi vitu hivi. Hupima hisia njema na hisia mbaya kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hupima kuridhika na maisha. Kipimo mashuhuri cha kuridhika ni kile cha Ed Diener na wenzake cha mwaka 1985, chenye sentensi 5 tu, kila moja ikipewa alama kuanzia 1 hadi 7.

Utaona sasa kwa nini nimekawia hapo. Mwaka 2000 Lilach Sagiv na Schwartz walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi na watu wazima wa Israeli na wa Ujerumani, ile ya magharibi na iliyokuwa ya mashariki. Walipopima hisia, waliotanguliza kujiamulia, msisimko na mafanikio walielekea kuwa na hisia njema zaidi, na waliotanguliza mila walielekea kinyume. Nadhani hili ndilo lililokufikia kwa njia moja au nyingine. Lakini walipopima kuridhika na maisha, mengi ya mahusiano waliyoyatarajia hayakujitokeza. Maana yake ni kwamba mtu aliyeshika mila huenda akachangamka kidogo kuliko mwenzake katika siku za kawaida, na bado akiulizwa kuhusu maisha yake kwa jumla asiwe nyuma. Anayekusimulia nusu ya kwanza akaiacha ya pili hajakutendea haki.

Tena mahusiano haya ni madogo, na uhusiano peke yake hausemi kipi kilimzaa mwenzake. Mtu aliyejaa hofu hushikilia usalama na mazoea kama mgeni wa bahari anavyoshikilia vyuma vya feri ya Likoni. Hofu imetangulia, kushikilia kumefuata. Ukimwachisha vile vyuma hujamwondolea hofu.

Kuna utafiti wa mwaka 1998 ambao mimi huusomesha kila mwaka, kwa sababu wanafunzi wetu hujiona ndani yake. Eunkook Suh, Diener, Shigehiro Oishi na Harry Triandis waliuliza: mtu anaposema ameridhika na maisha, hutazama nini kabla ya kujibu? Walitumia takwimu za nchi nyingi, zikiwamo za wanafunzi wa vyuo wa nchi 40. Katika nchi zinazomtanguliza mtu binafsi, anayejibu hutazama hasa hisia zake: nimefurahi mara ngapi, nimehuzunika mara ngapi. Katika nchi zinazotanguliza jamaa na kundi, hisia hupimwa pamoja na swali jingine lenye uzito unaokaribiana nazo, nalo ni kama maisha haya yanakubalika kwa watu wangu. Sisi wa Mombasa hatuhitaji mfasiri wa jambo hilo. Mtoto anayesafiri huomba radhi za wazazi kabla ya kuomba nauli. Kwa hiyo mwenzako anapokuuliza kama unafurahi, na wewe unapojiuliza kama umeridhika, mnaweza kuwa mnapima vitu viwili kwa neno moja, na hakuna kati yenu anayesema uongo.

Sasa nifike kwenye barua yako yenyewe, kwa sababu wewe umeandika jambo kubwa bila kulitambua. Umeitaja mila mara mbili. Mara ya kwanza ni madrasa ya Jumamosi, na hukulalamika, ingawa kuamka mapema siku ambayo wenzako wamelala si kazi nyepesi. Mara ya pili ni arusi, na hapo ukaandika kuwa hukuthubutu kukataa. Dodoso la tunu lingekupa alama moja ya "mila" kwa yote mawili. Moyo wako haukuyapa alama moja.

Tofauti hiyo imechunguzwa vizuri. Valery Chirkov, Richard Ryan, Youngmee Kim na Ulas Kaplan walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu washiriki wa Korea Kusini, Urusi, Uturuki na Marekani. Waliwaonyesha desturi mbalimbali, nyingine za kumtanguliza mtu binafsi, nyingine za kuwatanguliza jamaa, nyingine za usawa, nyingine za kumtii mkubwa. Hawakuishia kuuliza kama mtu anaifuata desturi fulani. Waliuliza anaifuata kwa nini. Je, ni kwa sababu atalaumiwa asipofanya? Je, ni kwa sababu ataona aibu? Au ni kwa sababu yeye mwenyewe anaiona ina maana na ameikubali? Katika nchi zote 4, kwa wanaume na kwa wanawake, kadiri mtu alivyozikubali desturi zake kwa ndani ndivyo hali yake ya moyo ilivyokuwa njema zaidi, ziwe desturi za kujitegemea au za kutegemeana. Kumtii mkubwa kwa hiari iliyo kweli hakukumnyima mtu amani. Walikuta pia kwamba desturi za usawa hukubalika moyoni kwa wepesi kuliko zile za amri kutoka juu, na hili sishangai nalo, kwa kuwa aliyepewa amri bila maelezo hubaki na mwili jikoni na moyo kwingine.

Kwa hiyo usichanganye kujiamulia na kujitenga. Wenzako wanapokuambia "jitangulize", wanadhani anayewafaa watu wake hajajiamulia. Si kweli. Mtu anaweza kujiamulia kumhudumia nyanya yake, na mwingine anaweza kuhamia chumba cha peke yake Nyali na kila anachokifanya kikawa ni kwa kuogopa marafiki watasema nini. Nimewasikiliza wanafunzi wa aina zote mbili. Huyo wa pili hujieleza kuwa ameikimbia mila, na mara nyingi huchelewa kuona kwamba amebadilisha wakubwa tu, kutoka shangazi zake kwenda kwa wenzake wa darasa.

Na kwa kuwa unasomea biashara, kuna jambo la mazingira yako ambalo lazima nilitaje. Katika utafiti uleule wa mwaka 2000, Sagiv na Schwartz waliwalinganisha wanafunzi wa biashara na wa saikolojia. Waliotanguliza mamlaka walikuwa na hali njema katika biashara, ila si katika saikolojia. Maelezo yao ni kwamba kila mahali hulipa tunu fulani: darasa la biashara humpa nafasi na sifa anayetaka kuongoza na kushinda, na huenda lisione thamani ya anayetaka kuwafaa watu. Ukijihisi mgeni darasani, chanzo kimoja ni hicho, wala hakimaanishi kuwa wenzako ndio walioelewa maisha.

Watafiti wengine hawakukubaliana na picha hiyo. Tim Kasser na Aaron Ahuvia waliwachunguza wanafunzi wa biashara wa Singapore mwaka 2002, na Maarten Vansteenkiste na wenzake wakawachunguza wa Ubelgiji mwaka 2006, na wote wakakuta kwamba waliotanguliza mali na sura ya nje walikuwa na hali duni ya moyo hata humo humo katika biashara, ambamo tunu hizo hushangiliwa. Mimi naegemea upande huu, kwa sababu uchambuzi uliojumlisha sampuli 259, uliochapishwa na Helga Dittmar na wenzake mwaka 2014, ulionyesha kuwa kuitanguliza mali huambatana na hali duni ya moyo, ingawa nguvu ya uhusiano huo hutofautiana kulingana na mahali na kipimo.

Hata hivyo sitaki uelewe kwamba pesa haina maana, kwani kumwambia hivyo mwanafunzi ambaye hajui atalipaje kodi ya chumba ni kumkosea adabu. Oishi na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba katika nchi zenye kipato kidogo, kuridhika na hali ya fedha hushikamana na kuridhika na maisha kwa nguvu zaidi kuliko katika nchi tajiri. Na mwaka 2001 Abhishek Srivastava, Edwin Locke na Kathryn Bartol walipouliza watu wanaitafutia nini pesa, madhara yalionekana yametoka kwa sababu kama kujionyesha, kuwashinda wengine na kujifichia wasiwasi wa nafsi. Kutaka pesa ili mdogo wako akae darasani hakumo katika orodha hiyo.

Jambo moja la kupita haraka. Usiifanye furaha yenyewe kuwa mradi wako wa peke yako. Brett Ford na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Marekani, Ujerumani, Urusi na Asia ya Mashariki, na matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa huko Marekani waliojitahidi sana kuitafuta furaha walikuwa na hali duni zaidi, Ujerumani hapakuwa na uhusiano, na Urusi na Asia ya Mashariki walikuwa na hali bora. Tofauti waliyoiona ni kwamba katika jamii hizo mbili za mwisho, kuitafuta furaha kunaambatana zaidi na kujumuika na watu. Wewe una watu. Usiwaache ili uende kuitafuta furaha.

Je, ubadilike? Katika tunu zako, sioni sababu. Katika namna unavyozibeba, naam, na hasa katika lile la arusi. Kabla ya msimu mwingine wa arusi, na kabla kadi hazijagawanywa, kaa na mama umwonyeshe tarehe za mitihani yako zilizoandikwa. Usimwambie hutakwenda. Mwambie utakwenda lini: labda usiku wa hina na siku ya kupika pilau, na siku nyingine utakuwa na vitabu. Ukiona maneno yako hayana uzito mbele ya shangazi, mpe nyanya ayaseme, kwa kuwa katika nyumba nyingi za kwetu neno la kijana hupokewa likipitia kwa mkubwa. Utashangaa ni mara ngapi mzazi hakujua kwamba mtihani ulikuwa siku hiyo. Watakaosema watasema, na baadhi ya aibu utaihisi. Lakini siku mbili ulizozichagua jikoni zitakuwa na mkono mwepesi kuliko nne ulizolazimishwa, na binamu yako ataiona tofauti hiyo usoni mwako.

Nina tahadhari moja. Ikiwa huzuni imekaa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikakuondolea usingizi, hamu ya kula au hamu ya mambo uliyoyapenda, pamoja na hiyo madrasa, hilo si suala la tunu tena. Nenda ukamwone mshauri wa wanafunzi chuoni au daktari, na usingoje muhula uishe.

Mwisho ni karo ya mdogo wako. Hukuliuliza hili waziwazi, lakini umelitaja kana kwamba unataka nikupe ruhusa ya kuendelea au ya kuacha. Lara Aknin na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti uliotumia takwimu za nchi 136, pamoja na majaribio yaliyofanywa Kanada na Uganda, na kwa jumla wakakuta kwamba kumtumilia mwingine pesa huongeza furaha ya mtoaji, katika nchi tajiri na maskini. Lakini Netta Weinstein na Ryan walikuwa wameonyesha mwaka 2010 kwamba msaada humnufaisha anayeutoa pale tu anapoutoa kwa hiari yake. Kwa hiyo kaa peke yako na daftari la matumizi, uondoe kwanza nauli, chakula na vitabu vya muhula, kisha uamue wewe mwenyewe kiasi utakachompa mama, hata kama kitakuwa pungufu kuliko cha muhula uliopita. Mtajie kiasi hicho mapema, kabla hajakuuliza, na umpelekee mwenyewe mkononi.